Mpinzani wa Kadi Nyekundu

Naona haya kuandika, lakini nitasema. Nilikuwa fundi mwanafunzi kwa Mzee Ramazani, na mjumbe wa chama akiridhika nami ningeshona abakosti zote, zile koti za wakubwa wa Zaire. Nikiwa nampima mabega, akaniuliza, "Kijana, mgombea wetu wa urais atashinda?"

Nilitaka kuonekana mwenye akili. "Ana nguvu, citoyen," nikamwita 'mwananchi' kama ilivyoamriwa, "lakini asimdharau mpinzani wake."

"Mpinzani gani?"

"Yule wa kadi nyekundu. Hata jina lake halitajwi. Watu wakimya ni hatari."

Mzee alidondosha makasi. "Weye mutoto! Mugombea iko mumoja tu! Kadi ya kijani ni ndiyo, nyekundu ni hapana!"

Mjumbe akanigeukia polepole. "Na wewe utatia ipi?"

"Zote mbili, citoyen. Nisimukosee muntu."