Bakuli la Futari

Miaka ile ya siasa, wanaume wa mtaa wetu wa Tibirinzi walikaa barazani wakakata shauri kwamba asiyekuwa wa chama chetu asipelekewe futari. Upuuzi mtupu! Na baba yangu ndiye aliyeitikia "naam" kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mama hakubishana naye. Karibu na magharibi alijaza bakuli muhogo wa nazi, akapita nalo mbele ya baraza ileile kwenda kwa jirani yetu wa chama cha pili. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimeshika upindo wa kanga.

"Bi, wampelekea nani hilo?" mmoja akauliza.

"Aliyefunga," mama akasema, wala hakusimama.

Kwetu bakuli la futari halirudi tupu. Jirani alilirudisha jioni ileile, limejaa tambi za sukari. Baba akala tambi zile, akalamba vidole, kisha akauliza kama zimebaki.

"Zimebaki kwao," mama akamwambia. Akaliosha bakuli, akalijaza muhogo tena, akampakatisha. "Haya, zifuate. Na upite palepale barazani, wakuone."