Karatasi Moja kwa Watoto Thelathini na Mmoja

Hasira zangu ziko puani, najua. Mama yangu aliniambia hivyo tangu nikiwa mdogo, na walimu wenzangu wa nasari kule Manyatta wakamuunga mkono ndani ya mihula miwili tu niliyofunza nao. Niliacha darasa nikarudi chuoni, na huko nikaamua kuandika tasnifu juu ya swali moja: walimu wa nasari wanaridhika na kazi yao kwa kiasi gani? Mimi mwenyewe sikuwa nimeridhika hata chembe. Nilitaka kujua kama wenzangu nao wanaumwa ugonjwa huo huo.

Nikatunga maswali ishirini na manne sebuleni kwetu Majimbo, mjini Embu. Kila swali lilijibiwa kwa namba: moja, hujaridhika kabisa; tano, umeridhika sana. Niliyaandika kwanza kwa Kiingereza, halafu nikayatia Kiswahili ili yasimtishe mtu. Nilijiona bingwa.

Shule ya mwisho kwenye orodha yangu ilikuwa huko juu Timau, ambako saa tatu asubuhi baridi bado inauma masikio. Nasari ilikuwa ndani ya kanisa, mabenchi yamesukumwa ukutani. Kabla sijaingia, mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya jirani alinivuta kando. "Una bahati umemkuta mwalimu wa nasari," akasema. "Shamba la maua wanamtaka. Msimamizi anampigia leo kabla ya saa sita. Akikubali, Jumatatu anaanza. Na hapa hatuna mwingine."

Mwalimu alikuwa mama wa makamo, kavaa sweta mbili na leso kiunoni. Watoto walikuwa wamepiga magoti wakiandika herufi 'a' kwa chaki kwenye simiti, maana vitabu havikutosha. Nikamsalimu, nikampa karatasi. Akasoma swali la kwanza kwa sauti: "Umeridhika na kazi yako?" Kisha akaniangalia mkoba.

"Umeleta moja tu, mwalimu? Mimi niko na watoto thelathini na mmoja."

Nikadhani ananitania. Kumbe wapi! Alichukua kalamu akaanza kupita katikati yao, akiinama kwa kila mtoto na kuandika namba pembeni mwa karatasi yangu safi. Ndipo nikaelewa. Nasari, kazi ni kile mtoto anachoandika. "Lete kazi." "Kazi yako iko wapi?" Mimi mwenyewe nilisema hivyo kila siku Manyatta, nikaja kusahau nilipopata kitambulisho cha chuo. Hasira ikanipanda, maana nilikuwa na safari ndefu ya kurudi Embu. Nikafungua mdomo nimkatize, nikamsikia akisema "tano" juu ya 'a' iliyopinda kama kiazi.

"Hiyo nayo ni tano?"

"Huyu wiki jana alikuwa anashika chaki na ngumi. Angalia vidole sasa." Akasogea hadi kwa 'a' nzuri ajabu, akaandika mbili. "Huyu ananicheza. Dadake alimfunza nyumbani, hapa anamaliza mbio aende kuchungulia dirishani." Kisha, akiwa amewapa mgongo watoto wa nyuma, akaita bila kugeuka: "Wewe, usikandamize, itavunjika."

Nikageuka mimi. Msichana mmoja mwenye marvin nyekundu, ile kofia ya sufu, alikuwa amekandamiza chaki mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Nikamuuliza mwalimu amejuaje.

"Si inalia tofauti," akanijibu, kama mtu aliyeulizwa saa.

Nilimfuata mtoto kwa mtoto, mdomo wazi. Mihula miwili mizima nilikuwa nimesahihisha herufi; mikono iliyoziandika sikuwahi kuiangalia hata siku moja. Niliona aibu, lakini furaha niliyokuwa nayo ilikuwa kubwa kuliko aibu. Sikujua kazi ile inaweza kufanywa hivyo.

Wakati wa uji nikamweleza kuwa nilikuwa nauliza juu ya ualimu wake, si juu ya chaki ya watoto. Alicheka mpaka upawa ukamwaga uji. "Uuui! Si ungesema! Haya uliza, wewe ndio uandike, mimi mikono iko na uji."

Nikamsomea. Darasa? "Mbili. Mvua ikinyesha juu ya hayo mabati tunaimba tu, hawanisikii." Wazazi? "Tatu. Viazi vikienda vizuri, nne." Swali la ishirini na tatu ndilo nililotunga kwa majivuno kuliko yote: Kwa jumla, umeridhika na kutosheka?

"Hayo ni maswali mawili," akasema. "Kuridhika, weka tano. Kutosheka, weka moja. Msichana wangu anaingia sekondari Januari, mwalimu. Huko hawachukui nyimbo badala ya karo."

Lilibaki moja: Ukipata kazi nyingine, utaacha hii? Sikuwahi kulisoma. Simu yake ikalia mfukoni. Akanikabidhi upawa, akatoka nje. Alizungumza Kimeru, na Kimeru na Kiembu chetu ni ndugu, kwa hivyo nilielewa kila neno. Alisema ndiyo. Alisema asante sana. Akauliza Jumatatu gari litampitia wapi.

Akarudi, akauchukua upawa wake, akamjazia kikombe yule mtoto wa ngumi. Mtoto alipomaliza kunywa, mwalimu akapiga magoti kando yake kwenye simiti ile baridi akaanza kumwonyesha 'e'. Aliizungusha polepole, akaifuta, akaizungusha tena, akamshika kidole kimoja kimoja. Ungedhani wako na mwaka mzima mbele yao. Halafu, kwa sababu ndivyo nilivyoumbwa, nikakasirika.

"Na hawa?" nikamwambia. "Jumatatu watakuwa na nani?"

Akainua uso. Macho yalikuwa yamelowa, lakini mkono wake haukuuacha ule wa mtoto.

"Hilo swali haliko kwa karatasi yako, mwalimu."

Nikaishika karatasi, nikayapitia yote ishirini na manne niliyoyatunga mwenyewe. Kweli, halikuwepo.