Mayai Yasiyooshwa

Kishingo si ugonjwa! Nimelisema hilo maabara mpaka koo likanikauka. Kuku wa kishingo, yule asiye na unyoya shingoni, nimekua naye uani kwetu Manundu, na ndiye aliyenitia kwenye sayansi. Jeni za manyoya anazo shingoni kama alizo nazo mgongoni. Ila angali ndani ya yai, jeni nyingine inazidisha kazi yake, na ngozi ya shingo ndiyo inayoitii zaidi. Za manyoya zinanyamaza. Kwa nini shingoni? Hilo ndilo nililotaka kulijua maisha yangu yote.

Profesa aliyenisimamia hakulitaka. "Mayai ya kijijini hayana nidhamu," alisema mbele ya wenzangu, wakacheka. Alitaka tuagize mayai ya nje, ya kuku weupe wanaofanana. Hao wana kishingo? Hawana! Tukavutana mpaka akanipa nafasi mbili kwenye mashine ya kutotolesha. Nikishindwa zote, kishingo basi, na mimi nitafute msimamizi mwingine.

Nikampigia simu mama mkubwa, dada yake mama, anayelima na kufuga Handeni. Nikamwomba trei mbili za mayai ya kishingo. Ya nini, sikumwambia. Yakaja kwa basi, yakabadilishiwa gari Segera, na hata moja halikupasuka. Yalikuwa yanang'aa, nami nikajisifu.

Siku ya saba nikayamulika kwa tochi. Mishipa ya damu, dalili kwamba kifaranga anaumbika, sikuiona. Nikapasua moja, harufu ikatutoa chumbani. Profesa akafungua dirisha. "Imebaki nafasi moja," akasema. Nililia chooni, sioni haya kusema.

Nikaenda nyumbani Manundu nimenuna. Nilimkuta mama akimwekea mtetea mayai kwenye kikapu, moja moja, yenye vumbi na mavi yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umevimba hivyo?"

Nikamweleza. Akauliza kama yale mayai yalikuwa yanang'aa. Nikasema yaling'aa sana. Akapiga kofi moja. "Haya! Dada yangu kakuoshea."

Akampigia simu palepale. Mama mkubwa akajibu bila wasiwasi: "Sasa mtoto wetu msomi nimpelekee mayai yenye mavi? Hao watu wa chuo watatuonaje? Nimeyaosha kwa sabuni, nikayapaka na mafuta kidogo."

Jamani! Kwetu mgeni hapelekewi yai chafu, na mama mkubwa alinitunzia heshima. Yai lililooshwa ni la kula. Ule utando wake wa juu ukishatoka, uchafu unapenya ndani. Anajua vizuri kuliko mimi kwamba yai la kuatamiwa halioshwi.

"Ulishindwa nini kumwambia ni ya kutotolesha?" mama akauliza.

Nilidhani hataelewa. Ndiyo, mimi! Nilimfanyia mama mkubwa kile kile alichonifanyia Profesa, na nilijichukia njia nzima ya kwenda Handeni kumwomba radhi. Nikakaa naye jikoni, nikamweleza kila kitu. Hata sijamaliza, akanikata: "Kumbe unataka kumwona kifaranga kabla hajaota manyoya. Si ungesema?" Akanichagulia mwenyewe, mapya, kutoka kwa majike ambao jogoo wao alimjua kuwa ni kishingo, akaniagiza yasiguswe na maji. Safari hii nikayabeba mapajani mpaka chuoni, na mavi yake.

Siku ya kumi nikalitoboa yai dirisha dogo, nikamwita Profesa kwenye hadubini. Mgongoni vinundu vya manyoya vilikuwa vimejipanga safu safu. Shingoni ngozi tupu, laini. Aliinama, akarekebisha lenzi, akaangalia tena.

"Sawa," akasema. "Endelea."

Nilipoandika makala, niliweka sentensi moja: mayai yalichaguliwa na mfugaji wa Handeni, na kwa maelekezo yake hayakuoshwa. Profesa akaipiga mstari mwekundu. Eti hayo si mambo ya kisayansi.

"Ukiifuta hiyo," nikamwambia, "futa na jina langu."

"Unajiharibia."

"Najiharibia mwenyewe. Futa."

Alinitazama, akaandika "ibaki" kando ya ule mstari mwekundu, kisha akageuza ukurasa.

Makala ilipotoka nilimpelekea mama mkubwa, nikamtafsiria sentensi yake. Akataka niirudie. Nikairudia. Akanyoosha kidole chake, akataka nimwonyeshe hasa pale ilipoandikwa.