Shingo ya Sindano

Kiwanda kizima kilimwita Bubu, na jina hilo alibandikwa na shemeji yake mwenyewe, kaka wa mkewe, siku aliyomwingiza kazini. "Nimewaletea bubu," alisema mbele za watu. "Hasemi, hacheki, ila ufagio anaujua." Miaka kumi na minne baadaye Bubu alikuwa ameuacha ufagio. Alikaa peke yake kwenye chumba cha vioo, na mashine ya kupimia. Shemeji huyo, ambaye mafundi walimwita Nyundo, alikuwa mkuu wa mashine za kuchonga, na kile chumba cha vioo kilimkaa kooni.

Bubu alisoma shule ya msingi tu. Mashine aliijua kwa kusimama nyuma ya mpimaji wa zamani na kutazama mikono yake. Aliona jinsi chuma kinavyowekwa juu ya meza ya jiwe, na jinsi sindano yenye kijiwe chekundu cha mviringo nchani inavyoshuka na kugusa, tiki, kisha nambari inatokea kwenye kioo cha mashine. Siku moja mpimaji huyo aliivunja sindano yenye shingo nyembamba. Jioni ile ile alikusanya vitu vyake kwenye mfuko akaambiwa asirudi. Bubu akapewa kiti, na hofu ya sindano nyembamba akairithi pamoja nacho.

Wiki hiyo Nyundo alichonga vipande thelathini, kila kimoja na mfuo mmoja: mfereji mwembamba wa kwenda chini, wenye upana wa milimita kumi na mbili. Ukibana hata nusu ya unywele, kipande kingine cha kukaa ndani yake hakiingii. Bubu alivipima vyote. Mdomoni mfuo ulikuwa sawa. Chini ulisoma kumi na moja nukta tisa sita. Vyote thelathini akavipiga chapa nyekundu.

Nyundo aliingia bila kubisha, meneja nyuma yake.

"Vyote?" alifoka. "We Bubu, vyote thelathini?"

"Chini vinabana, shemeji."

"Hapa kazini mimi si shemeji yako! Gusa pointi mbili, moja huku, moja kule, basi. Wewe unaupapasa mfuo kama unatafuta shilingi gizani."

"Pointi mbili zinadanganya," Bubu alisema akitazama meza. "Kipande kikikaa upande kidogo, unapima mshazari, mfuo unaonekana mpana. Nagusa tano kila ukuta, juu, katikati na chini."

"Msikieni profesa! Ukuta wa nyumba yako umepinda kama mgongo wa ngamia, hujaupima, unakuja kupima kuta zangu?"

Mafundi waliokuwa wakichungulia kiooni wakaangua kicheko. Meneja hakucheka. "Saa nane mteja anakuja," alisema. "Kama vipande ni vibovu, Nyundo ataeleza. Kama ni vizuri na wewe umevikataa, Bubu, unarudi kwenye ufagio. Sitaki maneno tena."

Saa sita watu walikwenda kula. Bubu alibaki. Alikuwa na hakika kabisa, na alitaka tu kukitazama kipande kimoja kwa raha, kama mtu anayejipongeza kimoyomoyo. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa mfuo, na kidole kikakwaruzika. Kulikuwa na miiba midogo ya chuma, ile inayobaki kisu kikipita na ambayo watu wa Nyundo walipaswa kuisugua kwa tupa. Akainama. Akaishusha sindano polepole mpaka chini, akiitazama kwa ubavu.

Akaliona kosa lake.

Sindano aliyotumia ilikuwa na shingo nene, karibu unene wa kijiwe chenyewe. Aliichagua kwa woga, isije ikavunjika. Kule chini, kabla kijiwe hakijafika ukutani, shingo ilikuwa imekwisha kugusa mwiba wa juu. Mashine haina macho. Iliposikia mguso, ilidhani ni kijiwe, ikaandika kwamba mfuo unabana.

Alisugua miiba ya vipande vyote thelathini. Akafunga sindano yenye shingo nyembamba, akapima upya. Ishirini na moja vilikuwa vizuri toka juu mpaka chini. Tisa vilibana kwelikweli. Angeweza kuchapa kijani kwenye hivyo ishirini na moja na kusema vimesuguliwa tu. Nani angejua? Nyundo hakujua tofauti ya shingo na shingo.

Saa nane kasoro Nyundo na meneja walirudi. Bubu alisimama.

"Ishirini na moja ni vizuri," alisema. "Nilikosea. Nilitumia sindano ya shingo nene."

Nyundo alipiga meza ya jiwe kwa kiganja. "Si nilisema! Meneja, si nilisema? Umeniaibisha mbele ya vijana wangu, mshenzi wewe! Chukua ufagio wako!"

"Miiba ilikuwa ya kwenu," Bubu akaendelea, sauti ikipanda kwa mara ya kwanza tangu wamjue. "Shingo ilikuwa yangu. Na tisa ni vibovu, vya kwako, shemeji. Kapime kwa pointi utakazo."

Meneja alivitazama vile tisa kwa muda. "Nani aligundua hiyo shingo?"

"Mimi."

"Kaa kwenye kiti chako," meneja alisema, akatoka kwenda kumpokea mteja na vipande ishirini na moja.

Nyundo hakumsamehe. Hakukanyaga tena nyumbani kwa dada yake, na mkewe Bubu alilia, akamlaumu mumewe kwa kumwambia kaka yake maneno yale mbele za watu. Kazini, kila alipoleta kipande, Nyundo alisimama mlangoni na kupaza sauti ili mafundi wote wasikie: "Bubu! Leo shingo nene au nyembamba?"

Mafundi walicheka mwaka wa kwanza. Wa pili wakachoka. Nyundo hakuchoka, na Bubu naye, kila alipoulizwa, aliinama kwanza akaitazama sindano kwa ubavu.

"Nyembamba," alijibu. "Umeisugua miiba?"

Mara nyingine Nyundo aligeuka, kipande chake mkononi, akaenda kutafuta tupa.