Waya Mfupi Uliompinda Bi Mhuri

Umemwona, usijifanye hamnazo. Ulisimama dirishani kwake ukisubiri cheti, ukamwona akiinuka kashika kiuno kama mtu aliyebebeshwa gunia, nawe ukainamia simu yako. Kilichokuudhi ni kucheleweshwa.

Saa mbili na nusu asubuhi, karani huyu wa masijala, ambaye wenzake humwita Bi Mhuri, anaingiza majina ya daftari kuukuu kwenye kompyuta. Anaandika, kisha anainuka, anakwenda hadi rafu ya mwisho, anagonga mhuri, anarudi. Hashiki kiuno. Miezi minne iliyopita asingeweza.

Miaka kumi na moja ameketi hapa, saa tisa kwa siku. Maumivu yalianza kiunoni, yakashuka mguuni. Alinunua mto wa kukalia, ukafuata wa pili, ukafuata wa tatu, hadi mpiga chapa wa meza ya jirani akamwuliza kama anataka kutaga. Kila mto ulimpandisha, na kila alivyopanda ndivyo alivyozidi kuinamia skrini.

"Maumivu hayakuniliza," anasema. "Nililia siku mume wangu alipopiga magoti kunifunga kamba za viatu, halafu akanitania eti ananiposa upya."

Wakubwa waliandikiwa mara tatu wampe kiti kipya. Nakala anazo, na tarehe zake. Jibu lilikuwa lilelile: avumilie, bajeti ijayo. Bajeti saba zimepita.

Akaandika barua ya kuacha kazi. Kabla hajaipeleka, alikwenda hospitalini kwa mtaalamu wa viungo, binti wa maneno machache. Baada ya kumpima, binti alimpa kiti na meza, akamwambia akae kama anavyokaa kazini. Bi Mhuri akakaa, na mabega yakageukia kushoto yenyewe.

"Mama, kushoto kuna nani?"

"Kuna kompyuta, mwanangu."

"Mbona isiwe mbele yako?"

"Waya haufiki."

Wakatazamana, wakacheka mpaka Bi Mhuri akashika mgongo. Miaka yote hiyo alikuwa akigombana na kiti bure.

Kesho yake, yule mpiga chapa na mhudumu wa ofisi waliisukuma meza hatua tatu, hadi kwenye soketi. Skrini ikapanda juu ya maboksi mawili ya mafaili, ikalingana na macho. Mto ukabaki mmoja, nyuma ya kiuno, na nyayo zikagusa sakafu. Mhuri, uliokuwa ukilala karibu na kidole chake, akauhamishia rafu ya mbali, ili kila nusu saa kazi yenyewe imwinue.

Mkuu wa ofisi alinuna, akasema anazurura. "Nazurura na mhuri wako, bosi," akamjibu.

Ilichukua wiki sita, pamoja na mazoezi ya kila asubuhi, maumivu kulegea. Siku alipojifunga viatu mwenyewe, alivifungua akavifunga tena. Barua ya kuacha kazi ameikunja, ameitia chini ya mguu wa meza uliokuwa ukicheza.

Amebakiza miaka minne astaafu. Anataka kutoka mlango ule amenyooka. Lakini kwenye meza mbili za wenzake kompyuta bado ziko ubavuni, na mpiga chapa ameanza kuchechemea. Zamu ya kusukuma ni ya Bi Mhuri sasa, ingawa mkuu amesema wasubiri bajeti.

Basi usigune tu ukafunua ukurasa. Inuka hapo ulipo, utazame skrini yako iko wapi. Kisha mfuate mwenzako aliyeshika kiuno, muishike meza yake, mmoja huku mmoja kule, muisukume leo. Bajeti itawakuta mmemaliza.