Picha ya Mguu Niliyojisomea Dirishani

Naandika nikiwa nimejificha chumbani, kwa sababu Gatitu nzima inajua habari za mguu wangu.

Nilivunjika mguu nikicheza netiboli shuleni, nikafungwa plasta. Baada ya wiki sita nilipigwa eksirei nyingine, nikapewa picha kwa bahasha niipeleke kwa daktari Jumatatu. Si ningengoja tu? Ati mimi, kwa sababu nilipata A ya bayolojia, niliiinua dirishani nikaona wingu jeupe limeuzunguka mfupa pale ulipovunjika.

"Mama, mfupa umeoza," nikalia. "Mguu utakatwa!"

Na mimi ndiye huona haya hata kuitika jina langu darasani! Kufika jioni, akina mama wa kanisa walikuwa wamejaa sebuleni, mikono juu ya plasta, wakiuombea mguu. Binamu yangu Wanjiku nilimpa raba zangu, nikamwambia acheze kwa niaba yangu.

Jumatatu daktari aliitazama picha. "Uko na homa? Usaha unatoka?"

"Hapana, daktari."

"Mfupa ulioingiwa na viini vya ugonjwa huonekana umeliwaliwa, kama mahindi yenye wadudu. Wako uko mzima. Hili wingu ni mfupa mpya, unaunga. Nani alikwambia umeoza?"

Mama alinitazama. Mimi nikatazama sakafu.

Daktari akatega sikio mlangoni. "Na hao akina mama wanaoimba huko nje wakilia, ni wa nani?"

"Ni wangu," nikasema.