Njuga Shingoni mwa Paka

Nilimfunga paka njuga. Nasema hili mwanzoni ili usije ukaanza kunihurumia mahali nisipostahili. Na haikuwa njuga ya kuokota njiani. Ilikuwa ile ndogo ya chuma niliyoivaa mimi mguuni nilipojifunza kutembea, akaivaa dada yangu baada yangu, na ambayo mama aliitoa kapuni na kuisugua kwa majivu tumbo lake lilipokuwa kubwa. Mtoto alizaliwa asubuhi. Chungu cha maharage kilichobandikwa jikoni siku hiyo kiliiva yeye akiwa ameshakwenda, hana hata jina. Akazikwa kibanjani, humo kwenye migomba inayoizunguka nyumba yetu ya Bweranyange, na njuga ikarudi kapuni.

Mimi nilikuwa shuleni, bweni. Niliporudi likizo nilimkuta mama amenyamaza. Maneno ya kazi alikuwa nayo: leta kuni, funga mbuzi, njooni mle. Lakini mama yangu si mtu wa maneno ya kazi. Ni mtu anayeweza kumwiga mwinjilisti wetu akipiga chafya katikati ya sala, akaendelea mpaka amina, na baba akajifanya ana shughuli nje asionekane anacheka. Mdomo huu unaoniletea viboko shuleni nimeurithi kwake. Sasa nyumbani kulikuwa na mwanamke mwenye sura ya mama, anamenya ndizi kwa kisu cha mama, na ndani yake hamna mtu.

Bibi, kabla hajarudi kwake Ihanda, aliniambia, "Mwache. Atarudi mwenyewe."

Mimi na kuacha mambo hatujuani. Nikaapa nitamchekesha. Nikamwiga mwalimu mkuu anavyovuta kaptula yake kabla ya kuchapa. Nikavaa gauni la dada yangu, likapasuka mgongoni. Wapi! Ndipo nikamwona paka wetu wa kijivu akipita. Huyo kazi yake ilikuwa kulinda banda la kahawa lisiliwe na panya, na alikuwa amezaa humo juzijuzi, kwa hiyo anatembea kwa maringo kama mke wa karani. Nikafikiri: angekuwa na njuga, je? Nikapekua kapu la mama, nikaichukua, nikamfunga shingoni kwa ukambaa wa mgomba, nikampitisha uani kama bibi harusi.

Dada yangu alicheka mpaka akakaa chini. Mama aliinua macho. Akamtazama paka, akaitazama njuga, akasimama na kuingia ndani.

Hapo mwenye akili angeufungua ule ukambaa. Mimi nilikwenda kucheza mpira.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, ule unaopanda kutoka bondeni ukameza migomba mpaka unaona majani ya juu tu yanaelea. Nilimkuta paka chini ya ua wa minyaa. Ukambaa ulikuwa umenasa kwenye kisiki cha tawi alipojaribu kupenya, naye amejivuta mpaka mwisho wake. Alikuwa ameshakauka kama gome. Njuga haikuwepo. Nilipapasa majani yaliyolowa mpaka vidole vikafa ganzi, sikuiona.

Na hapo, katika ukungu ule, mtoto mchanga akaanza kulia.

Sisemi kitu kama mtoto. Nasema mtoto. Ngozi ya kichwa ilinisisimka, na miguu yangu, ambayo huwa ya kwanza kukimbia ugomvi, ikakataa. Kilio kilitoka banda la kahawa. Nilipofika niliwakuta ndani ya tenga bovu: paka watatu, macho yamefumba, masikio yamegandamana na kichwa, kama viazi vitamu vilivyoota manyoya. Walikuwa wa baridi.

Baba alikuwa ameenda Bukoba na kahawa. Mtu mzima aliyebaki, ukimtoa mama, ni mzee anayetuchungia ng'ombe, ambaye namwita babu ingawa si wa ukoo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, msomi. Mbona unatetemeka? Umepewa hesabu?"

Nikamwambia habari ya wale watatu, nikamwonyesha paka. Akamtazama, akaacha utani.

"Mama yako ameona?"

"Bado."

"Asione. Na hao wadogo wasife, unanisikia? Mama yako ameshasikia kilio kikikatika mara moja. Akisikia kinakatika tena hapa hapa, humpati tena."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya likizo.

Mwaka uliotangulia ng'ombe wetu mmoja alifiwa na ndama akagoma kutoa maziwa. Babu akamchuna yule ndama, akainyunyizia ngozi chumvi, akamwekea mama yake mbele. Ng'ombe akalamba, akalamba, maziwa yakashuka. Nikaona, basi sisi tugeuze: yule ng'ombe alidanganywa kwa ngozi ya mtoto wake, sisi tuwadanganye watoto kwa ngozi ya mama. Babu alinitazama kama mtu aliyesikia mbuzi akiongea.

"Nimechuna ng'ombe, nimechuna paa, nimechuna mpaka fisi," alisema akinoa kisu. "Paka! Shule inafundisha makubwa."

Lakini alimchuna. Tukaipaka ngozi majivu kwa ndani, tukaijaza nyasi kavu, na tumboni tukaweka jiwe lililopashwa moto na kuzungushiwa majani makavu ya mgomba. Mkia tuliuacha unaning'inia. Kichwa hatukukijaza vizuri. Upande mmoja kilibonyea, ikawa kama anasikiliza kitu. Tulipoiweka tengani, wale vipofu watatu waligeuza vichwa kwa pamoja, wakatambaa, wakajichimbia tumboni, wakanyamaza. Nilitamani kucheka, cheko halikuja.

Maziwa ndiyo yaliyotushinda. Nilichovya pembe ya kitambaa kwenye maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa maji, nikawatilia mdomoni. Kwanza nikawalaza chali kama tunavyolaza watoto, yakatokea puani. Babu akanizaba kofi: walale kifudifudi, kichwa kimeinuka. Tena akaniambia mtoto wa mnyama hajui kujisaidia mpaka mama yake amlambe. Nikamwambia kulamba sitalamba. Basi mimi, msomi wa shule ya kati, fundi wa mafumbo ya hesabu, nikawa nafuta matako ya paka kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, naomba mkojo kama watu wanavyoomba mvua.

Hata hivyo matumbo yalivimba, wakaharisha. Siku ya tatu, adhuhuri, mmoja akafa mkononi mwangu, kimya kabisa, kama mtu anayetoka chumbani asiwaamshe wenzake. Nikamzika mbali na kibanja, kule malishoni. Wawili waliobaki wakalia mchana ule kwa namna ambayo ilinifanya nizibe masikio.

Mama alikuwa uani akimenya ndizi. Mimi nimekaa karibu yake, dada yangu pembeni, nimejaza mdomo hadithi za uongo za shuleni ili kuufunika ule mlio. Ukungu ulikuwa umerudi. Nje ya ua, kwenye njia ya watu, mama mmoja mpita njia akasimama. Hatukumwona, tulisikia sauti tu.

"Hodi humo! Nimetoka Kibingo, napita tu. Hongereni, mmepata mtoto! Anavyolia ana kifua huyo!"

Kisu cha mama kilisimama katikati ya ganda.

"Mlete jua likitoka nimwone nikirudi!" akasema yule mama, akaenda zake akicheka.

Nyayo zake zikapotea. Ndipo nikaisikia njuga. Mara moja tu, ndogo, ya chuma, ile ile. Niligeuka kibanjani, kule kwenye kaburi dogo. Migomba ilikuwa vivuli, inachuruzika maji. Hapakuwa na kitu. Mama akaendelea kumenya.

Dada yangu akaninong'oneza, "Paka amerudi. Hata jana nilimsikia bandani."

Nikamwambia anyamaze. Yeye ana miaka sita na haogopi kitu, mimi ndiye niliyekuwa na meno yanayogongana.

Tangu hapo mambo yakageuka, na yakageuka vibaya kwa kuwa vizuri. Nilienda bandani na kitambaa changu nikawakuta wale wawili wameshiba. Matumbo yamekaza, matako safi, wamelala juu ya ngozi. Jiwe lilikuwa la baridi, nililigusa. Ngozi ilikuwa ya moto. Na ilikuwa imejikunja, mkia umezungushwa kuwakumbatia, wakati mimi niliiacha imenyooka. Kile kichwa kilichobonyea kilinitazama kwa upande uliobonyea.

Nilimwambia babu. Nilitarajia utani, nilitaka sana utani.

"Wanakua?" akauliza.

"Wanakua."

"Basi kalete kuni. Na usiende bandani mchana."

"Kwa nini mchana?"

"Kwa sababu mimi nimesema."

Mtu akiniambia usiende, ni kama amenitumia mwaliko. Lakini nilikaa siku kadhaa. Nilikuwa nasikia njuga mchana, watu wakiwa wamelala au wako shambani: mara kibanjani, mara karibu na banda, kisha hakuna kilio. Macho ya wale paka yalifunguka, ya buluu, na ngozi kila nilipoigusa ilikuwa na joto. Nikaanza kufikiri kwamba niliyemnyonga anakuja kunyonyesha, na kwamba akishamaliza kulea atakuwa na nafasi ya kunitafuta mimi. Nikaona bora nimwone uso kwa uso nijue moja.

Siku hiyo mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa Rwanda, mchana umekuwa mweusi kama ndani ya chungu. Niliingia bandani nikajificha nyuma ya magunia ya kahawa. Harufu ya kahawa kavu inapanda puani, nami nabana chafya kwa roho yangu yote. Paka wakaanza kulia. Mvua ikagonga majani ya paa.

Njuga.

Njuga tena, karibu. Mlango ukasogea. Kitu kikaingia, kikajikunja penye tenga, mgongo kwangu. Katika lile giza nikaona ngozi ya paka inainuka kutoka tengani, inapanda hewani polepole, mkia unaning'inia na kuyumba, halafu inalala tena, imejikunja. Vilio vikakatika. Nikasikia wananyonya. Nikasikia pia pumzi, ndefu, ya mtu. Nikafumba macho nikaanza Baba Yetu, nikaikosea.

Radi ikapiga, nikafumbua macho.

Ngozi ilikuwa magotini mwa mama. Alikuwa ameketi chini, ameilaza mapajani, paka wawili juu yake wanapata joto lake. Pembeni palikuwa na kijiko cha kibuyu, na ndani ya kijiko maziwa. Hayakuwa ya ng'ombe, yalitoka kifuani mwake. Bibi alikuwa amemwambia ayakamulie shinani mwa mgomba mpaka yakauke yenyewe. Mama alichovya pembe ya shuka yake, akamtilia mmoja mdomoni, kifudifudi, kichwa kimeinuka, bila haraka. Alipojisogeza, njuga ililia. Ilikuwa imefungwa kwenye fundo la shuka kiunoni mwake. Alimtangulia kila mtu asubuhi ile penye ua, akaikata, na paka akaniachia mimi. Na siku ile ya mama wa Kibingo, nilipogeuka kutazama kaburi, iliyolia ilikuwa hapa kiunoni, na mimi nimekaa naye bega kwa bega.

Kisha ile chafya niliyoibana ikatoka, kubwa, ya mwinjilisti.

Mama hakushtuka. Hakugeuka. Mabega yake yalianza kutikisika, na njuga ikatikisika nayo, na sikujua analia au anacheka mpaka aliposema:

"Amina. Wewe ulipozaliwa ulikuwa mbaya kuliko hawa, na hatukukutupa. Toka huko kwenye kahawa ya baba yako, ukanawe mikono, uje umshike huyu mmoja. Mkono wangu umechoka."